Fundi Mkali wa Gereji

Nyasubi ni kata ya mjini Kahama, mkoani Shinyanga, katika ukanda wa dhahabu unaofika hadi Geita. Malori, pikipiki na mashine za kusaga mawe ya dhahabu huwapa mafundi wa ukanda huo kazi nyingi, na vijana wengi hujifunza ufundi hapohapo gereji, chini ya fundi mkuu.

Saidia fundi huanza kwa kuosha vipuri kwa dizeli na kujua spana kwa namba: akiagizwa kumi na tatu, asilete kumi na nne. Kisha huja kazi ngumu zaidi. Boliti za silinda hedi hukazwa kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu. Anayeruka mpangilio hutakiwa na fundi mkuu kulegeza zote na kuanza upya, hata jua likizama. Ukali huo unastahili heshima, kwa kuwa gasketi ikiungua, lori hukwama porini na mzigo wake.

Ujuzi wa gereji unaweza pia kutambuliwa rasmi: sheria ya mwaka 1994 iliunda VETA, Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, ambayo leo hupima ujuzi uliopatikana kazini na kuutolea cheti.