Kigaga Kile Kilitosha Kuahirisha Upasuaji

Mkanda wa upasuaji wa kurudisha fuvu ulioonyeshwa kwenye kikao cha mwezi uliopita mmeutazama, sina haja ya kuusimulia. Cefazolin ilichomwa ndani ya saa moja kabla ya kisu, damu ilikaushwa vizuri, bamba la titani likakaa barabara. Kazi safi, ila siku ile haikupaswa kufanyika kabisa.

Rudini pale kabla shuka hazijatandikwa. Kamera inapita juu ya kovu la zamani. Nyuma ya sikio, pale mkato unapopinda, kuna kigaga cha ukubwa wa punje ya mahindi, kingo zake nyekundu. Msaidizi anakigusa kwa pamba; kinacheza, unyevu unajitokeza. Anamtazama mkubwa wake. "Paka dawa, tuendelee." Wakapaka, wakaendelea.

Mambo yaliharibika hapo, si wiki ya nne baada ya upasuaji, usaha ulipotoka kwenye kidonda. Kigaga chenye unyevu maana yake ngozi haijafunga. Bakteria kama Staphylococcus aureus wakilifikia bamba hujijengea utando ambao dawa huupenya kwa shida, na mara nyingi hakuna tiba ila kuling'oa. Mgonjwa alikuwa ameishi miezi bila kipande cha fuvu kilichoondolewa awali, hakuwa dharura. Angerudishwa wodini, sampuli ikaoteshwa, kidonda kikasubiriwa kipone. Ngozi isingetosha, wangeitwa wenzetu wa upasuaji wa kurekebisha maumbo.

Kwenye mjadala wa kikao hicho tuliorodheshewa vihatarishi vya maambukizi: kisukari, sigara, kupasuliwa mara kwa mara. Sawa. Utafiti wa RESCUE-ASDH wa 2023, wa wagonjwa waliopasuliwa kuondoa damu iliyovilia juu ya ubongo, nao ulionyesha kuwa walioachwa bila mfupa walipata matatizo ya kidonda kwa asilimia 12.2, dhidi ya 3.9 kwa waliorudishiwa mfupa palepale. Basi kichwa kilichoachwa bila mfupa kama hiki huja mezani kikiwa tayari na deni. Orodha yote hiyo ya nini, kama kidonda kinachoonekana kwa macho kinapakwa dawa na kupitwa?

Halafu, kama kawaida yetu, ceftriaxone siku 7 "kwa usalama". Nimeshalipigia kelele hili na sitanyamaza: tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linasema dawa ya kinga isiendelezwe baada ya upasuaji kumalizika. Wembe wa kunyolea nao limeukataa, lakini bado umo kwenye trei zetu.

William Macewen wa Glasgow, mwanafunzi wa Lister, mwasisi wa kuua vijidudu kwenye upasuaji, alirudisha vipande vya mfupa wa fuvu mwaka 1885, penisilini haijagunduliwa. Kati ya wagonjwa 19 wa majipu ya ubongo aliowapasua na kuwaripoti mwaka 1893, 18 walipona. Hakuwa na antibiotiki ya kumfichia uzembe, hivyo usafi kwake haukuwa na mjadala. Sisi tuna kabati zima la dawa na tumeshindwa na kigaga.

Wakuu wa vyumba vya upasuaji, ngozi ikaguliwe kabla ya dawa ya usingizi, na yeyote atakayeona kidonda, awe sista au mwanafunzi, akisema tuahirishe, asikilizwe.