Pongezi kwa Wachimbaji wa Rosterman

Sisi tukaao Nyeri, chini ya mlima ambao Mola aliujaalia udongo wa kahawa na chai asiujaalie dhahabu, tuna deni la heshima kwa mji mdogo wa Rosterman, pembezoni mwa Kakamega. Kwani dhahabu ilipogunduliwa huko mwaka 1931, serikali ya kikoloni, iliyokwisha kuahidi kwa sheria ya 1930 kwamba ardhi za wenyeji zingebaki amana yao milele, iliibadili sheria hiyo mwishoni mwa 1932, ili ardhi itwaliwe kwa ajili ya madini pasipo wenyewe kupewa ardhi nyingine badala yake, na dhuluma ile iliyowashukia wao ikawa onyo kwetu sote.

Mgodi mkubwa wa wageni huko Rosterman ulifungwa mwaka 1952, nao wakaenda zao, lakini wenyeji hawakuitupa kazi. Hata leo wanaume hushuka mashimoni kuufuata mwamba wenye dhahabu, na wanawake huyaponda mawe, kisha huuosha unga wake ndani ya karai, wakiuzungusha kwa subira na maarifa mpaka mchanga mwepesi utoke na maji, dhahabu ibaki chini kwa uzito wake. Ni kazi ya hatari, kwani mashimo huporomoka na zebaki ya kunasia dhahabu hudhuru mwili, na aghalabu faida kubwa humwendea mnunuzi.

Basi watu hawa, wanaokula kwa jasho lao halali, wanastahiki pongezi zetu, na zaidi ya pongezi wanastahiki leseni, vifaa vya usalama na bei ya haki.