Buzi Ilipaswa Kuwa Tupu Kabla ya Alhamisi

Kila msimu wa vimbunga unapokaribia hujikuta narudi kwenye kimbunga Idai, na wasomaji wa safu hii wameshachoka kwa kuwa wanajua nitakakofikia. Basi niliseme mapema tuokoe muda: bonde la chini la mto Buzi, Msumbiji, lilipaswa kuwa tupu kabla ya usiku wa Alhamisi, 14 Machi 2019. Halikuwa tupu. Kazi kubwa iliyofanyika baada ya hapo, pamoja na sifa zake zote, ilikuwa ya kulipia deni la kutolihamisha bonde hilo.

Turudishe mkanda nyuma. Idai haikuvizia mtu. Ilianza mapema Machi kama mgandamizo mdogo wa hewa, ikaingia nchi kavu, ikazilowesha Zambezia na kusini mwa Malawi mpaka mito ikafurika, kisha ikarudi baharini kwenye Mlango wa Msumbiji kujikusanyia nguvu. Wataalamu waliifuatilia siku zote hizo. Jumanne tarehe 12 serikali ya Msumbiji ikatangaza tahadhari nyekundu. Usiku wa kuamkia Ijumaa ikatua karibu na Beira, ikang'oa mabati, ikaangusha nguzo na minara, na mji wa watu nusu milioni ukawa hausikiki wala hausikii.

Hadi hapo ni hadithi ya upepo, na wengi huishia hapo. Mimi nataka tuutazame mto.

Idai iliendelea kuelekea magharibi ikagonga milima ya Chimanimani, upande wa Zimbabwe. Kimbunga kilichobeba maji ya bahari kikikwezwa mlimani, maji hayo huyatua palepale. Usiku wa Ijumaa tarehe 15 makazi ya Kopa, mahali mito ya Rusitu na Nyahode inapokutana, yalisombwa pamoja na mawe makubwa. Sasa fungua ramani. Rusitu unavuka mpaka, ukiwa Msumbiji unaitwa Lucite, na Lucite unamwaga maji yake kwenye Buzi. Miili ya watu wa Kopa ilivuka mpaka kwa njia hiyohiyo. Maana yake, wakati watu wa Buzi wanaokota mabati yao na kushukuru Mungu kwamba upepo umepita, maji yaliyoiua Kopa yalikuwa njiani yanawafuata. Kaskazini kidogo Pungwe nao ulikuwa unashuka na mzigo wake. Ile bahari ya ndani tuliyoiona kwenye picha za setilaiti ilizidi kutanuka upepo ukiwa umeshatulia. Watu wakakaa juu ya mapaa, juu ya miti, na pale mjini Buzi kwenye majukwaa ya uwanja wa mpira, wamebanana na watoto na mabegi kama mashabiki wa mechi isiyoanza.

Utetezi ninaousikia kila mara ni kwamba mawasiliano yalikatika, kwa hiyo hakuna ambaye angeweza kuwaambia. Sawa, yalikatika Alhamisi usiku. Jumanne simu zilikuwa zinaita. Jumatano zilikuwa zinaita. Mvua kubwa ilikuwa ndani ya utabiri, na Buzi si mto wa kubahatisha. Kila mzee wa pale anajua maji ya milimani hufika yakiwa yamechelewa. Ushauri kwamba wakazi wa mabondeni wahamie sehemu za juu haukosekani katika tangazo lolote la namna hii, Maputo hata Dar es Salaam. Ushauri hauna magurudumu. Kulihamisha bonde ni malori, mafuta, mashua, orodha ya vijiji, mahali pa kulaza watu, na mtu wa kulinda mbuzi wa mwenye nyumba ili akubali kuondoka. Tahadhari nyekundu isiyo na vitu hivyo ni rangi tu.

Kosa likazaa kosa. Timu za kwanza za misaada zilipofika mwishoni mwa juma, takwimu iliyozunguka dunia ni kwamba asilimia 90 ya Beira na maeneo ya jirani imeharibika. Ilikuwa tathmini ya haraka kutoka angani, na wala sibishani nayo. Nabishana na ilichofanya: kamera zikahamia mjini, mikutano ya uratibu ikajaa uwanja wa ndege wa Beira, vizibao vyenye nembo vikawa vingi kuliko mashua. Rais wa Msumbiji wakati huo, Nyusi, aliporuka juu ya eneo hilo Jumatatu tarehe 18 na kusema huenda waliokufa wakapita elfu moja, ndipo wengi walipogundua kwamba habari ilikuwa ng'ambo ya mji. Idadi rasmi ya Msumbiji ilikuja kuwa zaidi ya 600.

Na msiniambie haikuwezekana. Mwaka 2007, kimbunga Favio kilipotua na Zambezi ukafurika kwa pamoja, taasisi ya maafa ya Msumbiji chini ya Paulo Zucula iliweka kituo chake Caia, kando ya mto wenyewe, ikaanza kuhamisha watu mapema. Hapohapo Buzi kulikuwa na mfumo uliojengwa kwa msaada wa Wajerumani: wanakijiji wa kujitolea wanasoma kipimamvua na alama za kina cha mto, wanapiga redio wilayani, na wenzao wa chini wanapita na bendera na vipaza sauti. Hawakuwa na nembo mgongoni. Taarifa ilipita bondeni, kijiji kwa kijiji, bila kulazimika kwenda kwanza mjini kuomba ruhusa. Ningewapa medali hao kabla ya marubani wa Afrika Kusini wa mwaka 2000, na marubani hao nawaheshimu sana. Ni wao waliowatoa mtini kwenye mafuriko ya Limpopo kichanga Rosita Pedro na mama yake.

Sikatai kwamba baada ya Idai chanjo ya kipindupindu ilikwenda vizuri sana: wagonjwa wa kwanza walithibitishwa 27 Machi, chanjo ikaanza wiki iliyofuata, watu zaidi ya 800,000 wakapata. Helikopta na meli za kigeni zilifanya kazi yao. Tanzania nayo ilipeleka chakula na dawa.

Linaloniudhi ni kwamba somo halishiki. Wiki sita baada ya Idai kutua, kimbunga Kenneth kikielekea Cabo Delgado, watu wapatao 30,000 walihamishwa kabla, na hilo ni jema. Kisha upepo ukapita, mabega yakashuka, na siku tatu baadaye mvua ikaizamisha Pemba (ya Msumbiji, ndugu zangu wa Chake Chake mtulie). Mwaka 2023 Freddy ilifika Malawi ikiwa hoi kwa upepo, na maji na tope vikaua zaidi ya watu 600, wengi Blantyre. Mei 2024 Hidaya ilipokaribia Mafia, swali la kila redio lilikuwa kasi ya upepo. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) walitoa taarifa zao vizuri, lakini Kilwa ilipata zaidi ya milimita 200 za mvua kwa saa 24 na barabara ya kusini ikakatika Somanga. Siku ile nani alikuwa anauliza kuhusu makalavati?

Nakiri Desemba 2024 Chido iliibomoa Mecufi kwa upepo wenyewe, na wapenzi wa kilometa kwa saa walinitumia ujumbe wa kunicheka. Haki yao. Bado Chido haifuti Buzi.

Wapo wanaosema kuhamisha bonde zima kwa siku mbili kunahitaji nchi tajiri. Maji yalipokwisha kujaa, mashua za wavuvi zilivusha mamia ya watu kutoka Buzi hadi ufukweni Beira, nyingine zikiwa na injini ndogo na turubai la kukingia mvua. Hazikuletwa na ndege ya misaada. Jumanne tarehe 12, tahadhari nyekundu ilipotangazwa, mashua hizo zilikuwa palepale, na wenyewe walikuwa na simu.