Mkono wa Kujumlisha

Mwisho wa mwezi, zahanati za upande wa Ilomba, jijini Mbeya, huwa na kazi inayoanza wagonjwa wakishaondoka: kujumlisha MTUHA, Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Kitabu namba 5, rejesta ya wagonjwa wa nje, kinafunguliwa tangu tarehe mosi, na kila mstari wake unatafutiwa mahali pake kwenye karatasi ya tali. Vijiti vinne vya wima, cha tano kinavikata. Baadaye vinahesabiwa na kuingizwa kwenye jedwali la taarifa, ugonjwa kwa ugonjwa, ME na KE, kuanzia kichanga wa chini ya mwezi 1 hadi mzee wa miaka 60 na kuendelea.

Wengi wanaiona adha ya makaratasi. Mimi naiheshimu kama ufundi kamili, na ufundi wenyewe hauko kwenye hesabu. Uko kwenye kuamua kwamba mistari miwili iliyoandikwa tofauti ni jambo moja, au kwamba inayofanana ni mambo mawili.

Chukua malaria. Tabibu mmoja kaandika “mRDT +ve”, mwingine “BS +ve”, wa tatu, foleni ikiwa imefika nje, kaandika “mal” basi. Anayeijua kazi hawamwagi wote kapu moja. Jedwali linamtenga aliyepimwa kwa kipimo cha haraka (mRDT), aliyepimwa kwa hadubini (BS), na aliyetibiwa bila kipimo. Kwa hiyo ile “mal” inamnyanyua muuguzi kitini: anafuata daftari la maabara, anashusha kidole kwenye tarehe, analitafuta jina, ndipo anapiga kijiti. Dakika nzima kwa kijiti kimoja! Mbeya iko juu, takriban mita 1,700, na malaria yake ni haba ikilinganishwa na ya mwambao. Vijiti vichache vikikaa pasipo pao, mwezi mzima unasomeka vingine.

Halafu kuna mstari wa magonjwa mengine. Huo ndio ninaoutazama kwanza nikitaka kumjua aliyejumlisha. Mvivu huunenepesha, kwa sababu haumuulizi swali. Baridi ya Juni na Julai inapoleta watoto wanaokohoa, kila nimonia iliyotupwa humo ni mtoto ambaye mganga mfawidhi hatamwona anapokadiria maombi ya dawa kwa Bohari ya Dawa.

Ufundi huu una wazee wake. Mwaka 1662, mfanyabiashara wa London aitwaye John Graunt alichapisha kitabu kilichotokana na karatasi za vifo zilizotolewa kila wiki mjini humo. Alizikusanya za miaka mingi, akazipanga kwenye majedwali kwa sababu za vifo. Hakuyaamini majina kwa kuwa tu yameandikwa: alisema vifo vya kaswende vilikuwa vinafichwa chini ya vidonda na kukonda. Muuguzi anayeifuata “mal” hadi maabara ana shaka hiyohiyo njema.

Siku hizi taarifa zinaingizwa kwenye DHIS2, mfumo wa kompyuta wa taarifa za afya, na palipo na rejesta za kompyuta programu inakusanya mistari inayofanana kwa kufumba na kufumbua. Nafurahi, maana usiku wa wauguzi ni mfupi. Lakini lazima mtu aiambie programu kwanza ni maandishi gani yahesabiwe malaria. Ningeomba mtu huyo, kabla hajaandika orodha yake, akae jioni moja ya kujumlisha Ilomba, rejesta iko wazi mbele yake, na aulize kila anapokwama.