Mkono Ujuao Pa Kuishia

Sikio la mbwa lina kona. Letu sisi binadamu ni kinjia kifupi, sentimita 2.5 hivi, kinachokwenda karibu moja kwa moja hadi kwenye kiwambo. La mbwa hushuka kwanza kando ya fuvu, kisha hupinda na kuingia ndani kwa umbo la herufi L, na kiwambo chake kimekaa mwisho wa kipande hicho cha pili, ambako jicho halifiki hata ukiinama na tochi. Anayetaka kumsafisha mbwa masikio nyumbani ana jambo moja kubwa la kujifunza, nalo ni kwamba mkono wake unaishia kabla ya kona. Yaliyo ng'ambo ya hapo yana wenyewe.

Nataka kuusifu ufundi huu nikijua kwamba wengi hawauhesabu kuwa ufundi. Seremala tunamsifu, msusi tunamsifu, na mpishi wa pilau tunamsindikiza kwa dua. Mbwa wa mijini kwetu hufugwa getini: mchana yuko bandani, usiku anaachiwa abweke, na siku akizidi kunuka anamwagiwa ndoo ya maji yenye dawa ya kupe. Masikio yake hayamo katika hesabu ya mtu. Kwa Waislamu wengi wa mwambao kuna jambo jingine tena: mate ya mbwa ni najisi, na aliyeguswa nayo huosha mara saba, moja kwa udongo. Lakini mafundisho hayo hayo yameruhusu mbwa wa ulinzi, wa mifugo na wa mawindo, na katika hadithi za Mtume imo habari ya mtu aliyesamehewa dhambi zake kwa kushuka kisimani na kumtekea maji kwa kiatu mbwa aliyekuwa akihema kwa kiu. Mwenye kuchunga twahara akivaa glovu na kunawa baada ya kazi hajapungukiwa na kitu, na mbwa wake amepata haki yake.

Haki hiyo si ndogo, kwa sababu mbwa hulinda kwa sikio kabla hajalinda kwa jino. Sisi tukiwa vijana wenye afya tunasikia sauti za hadi mitetemo 20,000 kwa sekunde; yeye huenda hadi karibu 45,000. Komeo likiguswa, jani kavu likikanyagwa nyuma ya ukuta, habari inamfikia yeye wakati bwana mwenye nyumba bado anakoroma. Mtu anayejenga ukuta, akatia nyaya za umeme juu yake, kisha akaacha masikio ya mlinzi wake yaoze kwa usaha, amehesabu gharama zake vibaya.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba ufundi wenyewe huanza kwa kutofanya kitu. Sikio zima hujisafisha. Ngozi ya kiwambo na ya mfereji hukua ikisogea kuelekea nje, polepole mno, ikibeba nta na vumbi na chembe zilizokufa hadi mlangoni. Kwa hiyo mbwa mwenye masikio mazuri, ngozi ya ndani ikiwa na rangi ya waridi iliyofifia, nta kidogo, na bila harufu ya kukera, haombi msaada wa mtu. Ukimsafisha kila siku kwa upendo, unailoweka ngozi hiyo mpaka inalainika, inawasha, na maradhi uliyokuwa ukiyakimbia yanapata pa kuingilia. Fundi huangalia mara kwa mara, husafisha mara chache. Wapo mbwa wanaohitaji zaidi: wenye masikio mazito yaliyolala, wanaopenda kuogelea, na hasa wenye mzio, maana mzio wa ngozi ndio unaoongoza kwa kuanzisha matatizo ya masikio ya mbwa. Hao daktari wa mifugo huwapangia ratiba yao.

Kuangalia nako kuna adabu yake. Inua sikio, tazama, kisha nusa. Pua ni chombo cha kazi hapa, na wanaoona haya kuitumia hawataufahamu ufundi huu. Uchafu wa kahawia wenye mafuta na harufu nzito ya uchachu mara nyingi ni fangasi aitwaye Malassezia, ambaye huishi kwenye ngozi ya mbwa siku zote na huzidi akipata joto na unyevu. Uchafu mweusi mkavu kama machicha ya kahawa, pamoja na kujikuna kusikokoma, huashiria utitiri wa masikio, ambao huhamia upesi kwa mbwa na paka wengine wa nyumba hiyo. Usaha wa manjano au wa kijani unaonuka ni bakteria, na baadhi yao, kama Pseudomonas, ni wagumu kwa dawa nyingi. Yote matatu ni kazi ya daktari, tena afadhali umpeleke mbwa bila kumsafisha kwanza, maana daktari anahitaji kuchukua kidogo cha uchafu ule aukague kwa hadubini. Mbwa aliyeinamisha kichwa upande mmoja, anayepepesuka, au ambaye macho yake yanachezacheza yenyewe, huyo hasubiri kesho: huenda ugonjwa umeshafika sikio la ndani.

Kwa Afrika Mashariki ukaguzi huu una sura ambayo vitabu vya ughaibuni huipitia juu juu, nayo ni kupe. Kupe wa kahawia wa mbwa hupenda masikio, na chini kidogo, kwenye ukingo wa nje, pana kimfuko kidogo cha ngozi iliyokunjana ambacho kwake ni nyumba ya kupanga isiyo na kodi. Vidole vipite hapo kwanza. Ukimkuta, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, umvute taratibu na moja kwa moja. Mafuta ya taa na kiberiti viache jikoni. Vinamuunguza mbwa, na kupe aliyesumbuliwa anaweza kutapika mate yake ndani ya jeraha, naye ni mchukuzi wa homa zinazoua mbwa. Aliyeingia ndani zaidi, usikoweza kumwona vizuri, usimfuate. Mwachie daktari.

Nilipokuwa mtoto, mtaani kwetu Moshi alikuwapo mlinzi wa usiku, mzee wa makamo, ambaye sisi watoto tulimwita Babu. Alikuwa na mbwa wawili wa tajiri wake, na jioni kabla ya kuanza zamu aliwapitia masikio mmoja mmoja, akiwa ameketi juu ya kigoda na mbwa katikati ya magoti yake. Siku moja mwenzetu alimuuliza, "Babu, mbona huingizi kijiti ukachokonoa kabisa?" Mzee hakuinua uso. "Mjukuu wangu, nisikoona siendi." Kisha akatuagiza tukae mbali, maana mbwa alikuwa anakaribia kutikisa kichwa.

Kijiti cha pamba ndicho kishawishi kikubwa cha kazi hii. Kimetengenezwa chembamba, kinaingia, na kinarudi na uchafu kidogo nchani, basi mtu hudhani amefanya kazi. Kumbe sehemu kubwa ya nta ameisukuma chini hadi kwenye kona na kuishindilia huko, na mbwa akigeuza kichwa ghafla, kijiti kitakwaruza ngozi au kufika kisikotakiwa kufika. Kidole cha mtu mzima kilichozungushiwa pamba hakiwezi kuvuka kona hiyo, na unene wake ndio usalama wa mbwa. Safisha mpaka pale kidole kinapokwenda bila kulazimishwa, basi.

Sasa nta ya ndani itatokaje? Hapo ndipo uzuri wa kazi ulipo, kwa kuwa mengi yatafanywa na wengine: maji ya dawa na mbwa mwenyewe. Dawa ya kusafishia iwe ile iliyotengenezwa kwa masikio ya mbwa, inayouzwa kwenye maduka ya dawa za mifugo. Spiriti na siki huchoma ngozi iliyochubuka, peroksaidi hutoa povu na kuacha unyevu nyuma yake, na maji ya bomba yakibaki kule chini huwa bwawa la fangasi. Na kama kuna shaka kwamba kiwambo kimetoboka, hata dawa nzuri isitiwe, kwa sababu iliyo salama upande huu wa kiwambo inaweza kuharibu usikivu ikivuka upande wa pili.

Chupa isimamishe kwanza kwenye bakuli la maji ya vuguvugu. Dawa baridi ikiingia sikioni humshtua mbwa na huweza kumpa kizunguzungu, na atakumbuka. Mweke mbwa mahali alipozoea, mgongo wake ukiwa upande wako. Inua sikio juu wima ili kile kipande cha kwanza kinyooke, mimina dawa mpaka mfereji ujae, na mdomo wa chupa usiguse ngozi, usije ukahamisha uchafu wa sikio hili kwenda la pili. Kisha shuka kwenye shina la sikio, nyuma ya shavu. Utaupapasa mfereji wenyewe chini ya ngozi, mgumu kidogo kwa sababu ya gegedu. Ukande kwa vidole viwili, taratibu, kwa sekunde 20 au 30, na utasikia majimaji yakicheza ndani. Mbwa wengi hufumba macho hapa na kukuegemea. Huku juu unakanda tu. Huko chini dawa inalainisha nta na kuing'oa mahali ambapo mkono wako hauna ruhusa ya kufika.

Halafu achia, urudi nyuma. Mbwa atatikisa kichwa kwa nguvu zote, masikio yakipiga kofi huku na huku, na kile kilichokuwa ng'ambo ya kona kitarushwa hadi mlangoni, ukutani, na kwenye shati la mtu asiyesikia maonyo. Hakuna chombo cha nyumbani kinachofanya kazi hiyo salama kuliko shingo ya mbwa mwenyewe. Kilichobaki kwako ni kufuta kilicholetwa: pamba safi, sehemu inayoonekana, na pamba nyingine kwa sikio la pili. Tofautisha tu mtikiso huo wa mara moja na ule wa kutwa kucha. Mbwa anayetikisa kichwa siku nzima ana maumivu, na vishipa ndani ya sikio vikipasuka kwa kupigwapigwa, sikio huvimba kwa damu na kuhitaji daktari.

Waswahili husema sikio la kufa halisikii dawa. Kwa mbwa, mara nyingi lawama hiyo imetupwa pasipostahili. Matone ya daktari yakitiwa juu ya nta na usaha hayagusi ngozi iliyougua, na usaha wenyewe hupunguza nguvu za baadhi ya dawa. Mwenye mbwa hulalamika kwamba dawa ni feki, na bakteria wanaendelea kustarehe chini ya kifuniko chao. Ndiyo maana daktari akiagiza sikio lisafishwe kabla ya matone, maneno hayo yana uzito sawa na matone yenyewe.

Seremala huacha kiti, msusi huacha kichwa kilichopendeza, na wapita njia huuliza ni kazi ya nani. Aliyesafisha masikio ya mbwa haachi alama. Pamba chafu inatupwa, mbwa anarudi getini, na mgeni akifika haoni kitu cha kusifu. Tena kadiri kazi ilivyofanywa vizuri ndivyo inavyohitajika kwa nadra. Huu ni ujuzi ambao maendeleo yake ni kupungua kwa kazi yake, na mtu anayetaka kuonekana akihangaika atauharibu, maana uhangaikaji wenyewe ndio kijiti, ndio dawa ya kila siku, ndio kuchokonoa mpaka damu itoke.

Basi nani atasema kwamba umefanya vyema? Mbwa hajui nia yako. Huwezi kumweleza kwamba ulimbana shingo kwa faida yake, wala hakuna daktari atakayemshawishi kwamba maumivu yale yalikuwa mapenzi. Anachokijua ni mikono: ilikuwa mizito au miepesi, ilisimama alipovuta kichwa au iliendelea. Ndiyo maana fundi hutanguliza siku kadhaa za kumgusa masikio tu, bila dawa wala pamba, na kila mguso ukafuatwa na kipande cha nyama. Mkono mtupu haulambwi, na katika kazi hii methali hiyo ni maelekezo ya kazi.

Hukumu hutolewa safari inayofuata, chupa inapotolewa kabatini. Mbwa akiiona akabaki alipo, au akaja mwenyewe na kuketi, umehitimu, hata kama hakuna jirani aliyeona. Akikimbilia uvunguni mwa gari, usimburute. Irudishe chupa kabatini, chukua nyama, ukaanze tena kwenye somo la kwanza, lile la kugusa na kuacha.