Mshairi wa Dola na Amana ya Ulimi

Ajapo mgeni mkubwa wa serikali Kilosa au Mikumi, huandaliwa ngoma, risala na shairi. Vijana wa madrasa nao huombwa kasida. Ni vyema basi tujiulize: mshairi anayetukuzwa na dola ana hukumu gani?

Asili ya jambo hili ni ruhusa. Suratu Shu'araa, aya ya 224 hadi 227, inawalaumu washairi wasemao wasiyoyatenda, kisha inawatoa walioamini na kutenda mema. Hassan bin Thabit (r.a.) aliwekewa mimbari msikitini na Mtume (s.a.w.) mwenyewe. Imamu Shafi amesema shairi ni maneno tu: zuri lake ni zuri, baya lake ni baya. Kwa hiyo heshima si haramu. Kilichokemewa ni sifa za kununuliwa, na katika Sahihi Muslim imeamrishwa wasifiaji wamwagiwe mchanga usoni.

Historia inaonesha hatari ilipo. Uingereza ilimteua John Dryden kuwa mshairi wa mfalme mwaka 1668. Baada ya mapinduzi ya 1688 alikataa kiapo cha watawala wapya, akapokonywa cheo. Kumbe kilichokuwa kikilipwa ni utii, si ufundi.

Kwetu Tanzania hatukuwa na cheo hicho, lakini mwaka 1968 Mwalimu Nyerere aliwaomba washairi walieneze Azimio la Arusha. Mathias Mnyampala na wenzake wa UKUTA waliitika kwa ngonjera. Hatukatai kwamba zilifundisha wengi. Kasoro yake ni kwamba mbishi katika ngonjera aghalabu hushindwa mwishoni, akakubali. Msikilizaji mwenye swali la kweli hurudi nalo nyumbani.

Mikumi inatupa mfano wa kinyume. Joseph Haule, yaani Professor Jay, alijulikana mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa "Ndio Mzee", wimbo unaokejeli ahadi za wanasiasa na umati unaoitikia kila neno. Mwaka 2015 wananchi wa Mikumi walimchagua kuwa mbunge, akakaa hadi 2020. Hatuzungumzii hukumu ya muziki hapa, wala chama chake. Tunachokiona ni kwamba watu walimpa heshima mtu aliyewakejeli wao pamoja na wakubwa wao, ilhali dola huwapa wanaoisifu.

Na Kilosa si mahali pa kuchezea maneno. Desemba 2000, huko Rudewa Mbuyuni, zaidi ya watu 30 waliuawa katika mgogoro wa wakulima na wafugaji. Mtu akisimama mbele ya kiongozi katika wilaya hiyo akaimba kuwa amani imetanda na hakuna mwenye shida, huyo ametoa ushahidi wa uongo, hata kama vina na mizani vimekamilika.

Tangu mwaka 2023 ipo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, na ushairi umo. Anayeshinda aipokee, ni halali yake. Ila asiandike shairi la pili kwa ajili ya kulipia la kwanza.

Ama maimamu na walimu wa madrasa, mkiombwa kasida, mkaribisheni mgeni kwa adabu, mumwombee dua, msimzidishie asichonacho, na ubeti mmoja utaje haki ya mnyonge. Akichukia, mmeshafikisha.

Wallahu a'lam.