Kukomba Mchuzi: Mark O'Connor na Fidla ya Texas

Albamu nyingi za vijana mabingwa kazi yake ni kuonyesha kombe. Unasikiliza mara moja, unakubali kwamba dogo anajua, halafu basi, imetoka hiyo. *Soppin' the Gravy* ya Mark O'Connor, iliyotolewa na Rounder mwaka 1979, ilikuwa na kila sababu ya kuishia hapo. Mpigaji alizaliwa Seattle mwaka 1961. Alishakuwa bingwa wa watoto wa Marekani, alisharekodi albamu yake ya kwanza kabla hajatimiza miaka kumi na mitano, na mwaka huohuo wa 1979 alitwaa ubingwa wa wakubwa kwenye mashindano ya fidla ya kienyeji huko Weiser, jimbo la Idaho. Angeweza kupiga haraka, akatushangaza, akaondoka.

Hakufanya hivyo. Alichofanya ni kukaa na tuni za wazee na kuzisoma. Neno kusoma nalitumia makusudi, maana hapa ni mahali pa wasomaji na nadhani ndiyo njia nzuri ya kuisikiliza albamu hii: msikilize kijana anayesoma kazi ya waliomtangulia mstari kwa mstari, akiongeza maoni yake pembeni mwa ukurasa. Shida inaanza pale maoni ya pembeni yanapokuwa mazuri kiasi kwamba wanaokuja baadaye wanayanakili kama vile ndiyo maandishi yenyewe. Albamu hii ina utamu huo na ina shida hiyo, vyote viwili.

Tuanze na jina. Ni jina la tuni ya zamani inayopendwa sana na wapigaji wa Texas, na maana yake ni kukomba mchuzi uliobaki kwenye sahani kwa kipande cha mkate. Yaani chakula kimekwisha lakini utamu haujaisha. Jina zuri kwa mtindo ambao kazi yake ni hiyohiyo: kurudi kwenye sahani ileile na kutafuta kilichobaki.

Aliyezoea fidla ya taarab ya Unguja, inayopigwa na watu kadhaa pamoja huku ikimsindikiza mwimbaji, itabidi abadilishe sikio kidogo. Ala ni ileile, nyuzi nne na upinde. Lakini kwenye tuni za Texas za aina hii hakuna mwimbaji. Fidla ndiyo mwimbaji, ndiyo mashairi, ndiyo msimulizi. Nyuma yake gitaa linabadilisha kodi karibu kila pigo, na sauti nzito zinapanda na kushuka kama mtu anayetembea ngazi. Mkono wa kulia ndio siri: upinde mrefu, laini, unaobeba noti nyingi kwa mvuto mmoja, huku mkazo ukiangukia mahali usipoutarajia. Mwendo si wa kasi sana. Ukiharakisha, hakuna atakayesikia ulichokifikiria.

Zamani fidla ya kusini mwa Marekani ilikuwa chombo cha dansi. Waliosoma kumbukumbu za Solomon Northup za 1853, yule mtu huru aliyetekwa na kuuzwa utumwani Louisiana, watakumbuka jinsi fidla ilivyokuwa sehemu ya maisha yake: alitumwa kupigia sherehe za mabwana, na fidla hiyohiyo ikawa faraja yake. Dansi linataka mpigaji awe mvumilivu. Tuni ina sehemu mbili fupi, unazirudia usiku kucha, na mtu akicheza hataki kushtuliwa na jambo jipya kila dakika. Wasikilizaji ni miguu.

Sasa, nini kinatokea wasikilizaji wanapokaa kwenye viti?

Jibu la kwanza kwenye santuri ni la mwaka 1922. Eck Robertson, mpigaji kutoka Texas, alisafiri hadi New York na mwenzake Henry Gilliland, wakaingia studio ya Victor. Tarehe 1 Julai Robertson alirekodi peke yake "Sallie Gooden", bila hata gitaa. Ni mojawapo ya rekodi za mwanzo kabisa za muziki wa vijijini Marekani kuuzwa madukani. Tuni yenyewe ni ndogo, mtoto anaweza kuishika kwa siku moja. Robertson anaizungusha kwa namna zaidi ya kumi ndani ya dakika kama tatu: mara anaipeleka juu, mara anapiga nyuzi mbili pamoja, mara anaacha mlio mmoja uendelee chini kama nyuki. Kila mzunguko ni tuni ileile na si ileile.

Jibu la pili ni Benny Thomasson, aliyezaliwa Texas mwaka 1909. Kazi yake ya mchana ilikuwa kunyoosha bodi za magari. Mwenyewe alisimulia kwamba ujanani alikwenda kushindana Dallas akijiona ameiva, akarudi mikono mitupu, akaanza kuzifanyia kazi upya tuni zake. Tuni za sehemu mbili akazipa ya tatu, ya nne, ya tano. Huyu ndiye aliyeondoka Texas uzeeni akahamia jimbo la Washington, na huko ndiko mtoto wa Seattle alikomkuta, akawa mwalimu wake. Kwa hiyo urithi wa Texas ulimfikia O'Connor mbali kabisa na Texas, kwa mzee mmoja, sebuleni. Napenda sana jambo hili. Linatukumbusha kwamba mapokeo hayakai kwenye udongo. Yanakaa kwa watu, na watu huhama.

Turudi kwenye albamu. Tuni inayobeba jina ndiyo inayoonyesha kila kitu. Mara ya kwanza O'Connor anaipiga karibu wazi, kana kwamba anasema: hii ndiyo, ishike, usije ukapotea. Anayejua kusimulia hadithi anaijua hila hii. Msikilizaji lazima kwanza aujue mlango wa nyumba ndipo utamu wa kuingilia dirishani uonekane. Halafu mizunguko inaanza kugeuka. Sentensi inayoishia chini sasa inaishia juu. Noti iliyokuwa juu ya pigo inachelewa nusu hatua. Hakuna hata mahali pamoja ambapo unaipoteza tuni, na hilo ndilo gumu. Kupamba ni rahisi, wengi wanapamba. Kupamba huku sura ya mwenye nyumba ikiendelea kuonekana ni kazi ya mtu mzima.

"Dusty Miller" ni mtihani wa aina nyingine. Ni mojawapo ya tuni kubwa za mashindano, yenye sehemu nyingi, na mpigaji dhaifu huifanya iwe orodha: sehemu ya kwanza, ya pili, ya tatu, asante. O'Connor anaipa mwelekeo. Unahisi kila sehemu imesababishwa na iliyotangulia, kama beti za shairi refu ambapo huwezi kuhamisha ubeti wa tano ukauweka wa pili bila mtu kugundua.

Kwenye "Misty Moonlight Waltz" kasi inaondoka, na hapo hakuna pa kujificha. Waltz ni mahali ambapo kijana mwenye vidole vyepesi hujulikana kama ana la kusema au la. Anapiga nyuzi mbilimbili, sauti mbili zikitembea pamoja, na anazipa noti muda wa kupumua. Kusema kweli kuna mahali naona ameutia utamu kupita kiasi, kama mpishi aliyeonja mchuzi, akaona uko sawa, halafu akaongeza sukari. Lakini "Calgary Polka" inafuta kosa hilo: nyepesi, ya kuchekesha kidogo, na ushahidi kwamba sanduku la wapigaji hawa halikuwahi kuwa na vitu vya Texas tu.

Hapo tunafika kwenye suala la mashindano, maana bila kuyaelewa huwezi kuelewa kwa nini albamu ina tuni za aina hizi. Pale Weiser kila mpigaji katika kila raundi hupiga tuni tatu: ya dansi la kasi, ya waltz, na moja ya kuchagua mwenyewe, ambayo mara nyingi ni polka au ragtime. Zote tatu ndani ya dakika nne. Majaji hawamwoni. Wanakaa chumba kingine wakimsikia kwa spika, ili sura, umri au jina visiwashawishi. Vituko vya kuchekesha jukwaani havihesabiki. Ni utaratibu wa haki, na ninauheshimu. Tuni ambazo zingekufa na wazee wake zimebaki hai kwa sababu kila Juni watoto wanazipeleka mbele ya majaji.

Lakini haki ina gharama yake. Jaji asiyeona anasikia kosa haraka kuliko anavyosikia wazo. Ukibuni jambo jipya likayumba kidogo, umepoteza alama. Ukipiga jambo lililokwisha thibitishwa, na ukalipiga safi, uko salama. Sasa weka mkononi mwa mtoto wa miaka kumi na mbili albamu kama hii, ambapo bingwa amepiga toleo safi kabisa, lililopangwa vizuri, linaloweza kurudishwa nyuma na kusikilizwa mara mia. Atafanya nini? Atalikariri. Na ndivyo ilivyokuwa kwa wengi. Mizunguko ambayo kwa Thomasson ilikuwa njia ya kufikiri ikawa, kwa baadhi ya waliofuata, maandishi ya kukariri, noti kwa noti.

Lawama hii siwezi kumtwisha O'Connor. Mtunzi hashtakiwi kwa sababu wanafunzi wamemkariri. Ila mhakiki anaweza kuuliza kama kazi yenyewe inaalika jambo hilo, na jibu langu ni ndiyo, kwa sehemu. Ukamilifu wake ndio unaoalika. Kwa Robertson wa 1922 kuna mikwaruzo, kuna haraka, unasikia mtu anayeamua papo hapo, na unapomaliza unatamani kujaribu ya kwako. Kwa *Soppin' the Gravy* unapomaliza unatamani kupiga makofi. Ni hisia mbili tofauti, na kwa mapokeo yanayoishi kwa kuongezwa, ya kwanza ina rutuba zaidi.

Ndiyo maana nashauri uisikilize sambamba na *The Championship Years*, mkusanyiko uliotoka baadaye wenye rekodi zake za jukwaani, za mashindano ya kati ya 1975 na 1984. Sauti si safi kama ya studio. Lakini hapo saa inakimbia, watu wapo, na unasikia kijana akijihatarisha.

Mwenyewe O'Connor hakukaa kwenye kombe. Mwaka uleule wa albamu alijiunga na kikundi cha David Grisman, tena kama mpiga gitaa, akazunguka na mpiga fidla mkongwe wa jazi kutoka Ufaransa, Stéphane Grappelli. Baadaye akatunga kazi za orkestra, na mwaka 1996 akatoa *Appalachia Waltz* pamoja na Yo-Yo Ma na Edgar Meyer. Wapo wanaosema alivyozidi kwenda mbali ndivyo alivyozidi kuwa mkubwa. Mimi naona mbegu zote ziko hapa tayari, kwenye tuni ndogo zilizokwisha pigwa mara elfu na watu wengine.

Hukumu yangu basi: hii ni albamu ya kuwa nayo, hasa kwa anayependa kujua urithi unavyofanya kazi. Usiisikilize ukifanya mambo mengine, itakupita kama muziki wa hotelini. Chukua tuni moja, ishike sura yake mara ya kwanza, halafu fuatilia kila mzunguko ujue nini kimebadilika. Na kama una ala ndani, ya aina yoyote, ukimaliza ifunge kabisa, uchukue tuni hiyohiyo, ukombe kile ambacho yeye hakukiona. Benny Thomasson, nadhani, angetaka hivyo.